Mashua na Matuta: Kupanga Dago na Bustani Msimu wa Masika, Dar es Salaam

Kila Machi mwenye mashua ya kwenda dago, yaani kambi ya uvuvi mbali na nyumbani, na mwenye bustani pia, hubanwa pande mbili. Upepo wa kaskazi umelegea na wa kusi bado haujashika, kwa hiyo bahari ni shwari na samaki wanapatikana. Wiki hizohizo chombo kinadai kalafati (kuziba mianya ya mbao kwa pamba) kabla mbao hazijalowa, na kitalu kinadai maji kabla mvua hazijaanza. Wengi hushika kimoja wakaacha kingine. Ukipita Kunduchi, Ununio au Kigamboni mwezi Mei utaziona mashua zilizojaa maji ya mvua hadi mabenchi, na nyuma ya nyumba mchicha uliokwishatoa mashuke.

Mwongozo huu unafuata kanuni moja: panga kazi zote kwa mwezi mwandamo, usizipange kwa siku za juma. Mwezi ndio unaoamua maji yajae kiasi gani, na kwa wavuvi wa taa ndio unaoamua nani atoke usiku. Bahari haisogei kukungoja. Bustani unaweza kuisogeza, mradi uchague mimea inayokubali kusogezwa. Vipimo vyote hapa ni vya mashua ya mita 8 yenye upana wa mita 2, na bustani ya matuta 4, kila moja mita 1 kwa mita 8. Kama chako ni kikubwa au kidogo zaidi, zidisha au punguza.

Mwezi mmoja unavyogawanyika

Dagaa na vibua hufuata taa wakati wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, taa haina nguvu. Kwa hiyo wavuvi wa taa hulaza vyombo kuanzia mwezi 11 au 12 (yaani siku ya 11 au 12 tangu mwezi uandame) hadi 18 hivi, na siku hizo saba ndizo siku za nchi kavu. Anayevua kwa mshipi au jarife (wavu wa samaki wakubwa) anaweza kutoka hata mbalamwezi, lakini naye akitenga siku hizohizo kwa ajili ya kazi za nyumbani hatapoteza, kwa sababu ya jambo la pili.

Bamvua, yaani maji yanayojaa na kupwa kupita kawaida, hufika kilele siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama na baada ya mwezi mpevu. Dar es Salaam, wakati wa bamvua, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3. Wakati wa maji mafu hubaki kama mita 1 tu. Tena bamvua la hapa lina saa zake: maji hujaa karibu saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, yakapwa karibu saa nne asubuhi. Yaani siku zilezile ambazo taa haina kazi, ufuko unakauka asubuhi, jua likiwa limetoka. Fundi wa kalafati hawezi kuomba zaidi ya hapo.

Maji huchelewa kama dakika 50 kila siku. Ukijua saa ya leo unaweza kukadiria ya keshokutwa, ila kwa kazi ya kupweleza (kulaza chombo ufukweni maji yakipwa) tumia jedwali la maji la bandari ya Dar es Salaam la mwaka husika.

Mbalamwezi ya Februari: kitalu

Bahari bado ina kaskazi na kazi ya bustani ni ndogo. Sia bilinganya, nyanya chungu na pilipili. Kitalu cha mita 1 kwa mita 1 kinatosha matuta mawili na akiba. Changanya udongo, samadi iliyooza na mchanga wa mtoni kwa sehemu sawa. Usitumie mchanga wa ufukweni, hata kama uko mlangoni. Chumvi yake huunguza miche ikiwa na majani mawili tu. Chora mistari yenye kina cha sentimita 1, ukiacha sentimita 10 kati ya mstari na mstari, kisha funika kwa nyasi kavu na uziondoe mara mbegu zinapochomoza. Usipoziondoa, miche hurefuka kama uzi na kuanguka.

Miche itakuwa tayari baada ya wiki 4 hadi 6. Hesabu hiyo inaangukia mbalamwezi ya Machi, na hivyo ndivyo tunavyotaka.

Wiki hiyohiyo anza kuozesha mbolea ya kuku. Ikiwa mbichi huchoma mizizi. Ikikaa wiki 6 chini ya turubai huku ukiigeuza mara moja kwa wiki, inakuwa nyeusi na harufu kali inaisha.

Mbalamwezi ya Machi: mashua kwanza, matuta baadaye

Hii ndiyo wiki nzito ya msimu. Bamvua za karibu na Machi 21 huwa miongoni mwa kubwa zaidi za mwaka, kwa hiyo unaweza kuipandisha mashua juu sana ufukweni. Hapo ndipo watu wanapojitega. Ukiipandisha siku ya kilele chenyewe, maji ya kesho yatakuwa madogo kuliko ya leo, ya keshokutwa madogo zaidi, na mashua yako itabaki juu ya mchanga wiki mbili ikingoja bamvua lijalo. Kama bamvua lijalo ni dogo kuliko hili, utaita watu 20 na magogo.

Kwa hiyo pandisha mwezi 13 au 14, maji yakiwa bado yanaongezeka kila siku. Siku hizo yanajaa karibu saa tisa usiku na kupwa karibu saa tatu asubuhi. Ukimaliza mwezi 16, maji yatakuja juu zaidi ya mahali ulipoilaza na mashua itaelea yenyewe.

Kazi yenyewe inakwenda hivi.

Chagua mahali penye mchanga mgumu, pasipo mawe wala matumbawe, na upite hapo wakati wa kupwa siku moja kabla ili upaone. Toa nanga, minyororo, mashine na kila kizito. Ingia maji yakiwa yamejaa, tia nanga mbele na nyuma ili mawimbi yasiigeuze. Maji yakianza kuondoka, simamisha magadi (miti ya kuegemeza mashua) mawili kila upande, na chini ya kila gadi weka kipande cha ubao ili lisizame mchangani. (Gadi la mashua, si magadi ya kuivishia maharage, ingawa fundi kijana asiyejua akitumwa ataleta hayo.) Gadi likiteleza mashua hulala ubavu, na mataruma (mbavu zake za ndani) hupasuka kwa uzito wake mwenyewe.

Kwangua kome na magamba mara tu ubavu unapochomoza majini. Yakikauka yanashika kama saruji. Tandaza turubai chini na ukusanye makwanguo yote, kwa sababu rangi ya chini ya mashua ina shaba ya kuua viumbe vya baharini. Usiyamwage bustanini, wala usiyatie kwenye lundo la mboji. Yale ya mashua iliyopakwa deheni tupu (mchanganyiko wa mafuta na chokaa) ndiyo pekee yasiyo na tatizo hilo.

Gonga mbao zote kwa nyundo ndogo, sentimita 10 kwa 10, ukianzia mkuku (mti wa chini kabisa wa mashua) kwenda juu. Mbao nzima hulia kwa ukali. Iliyoliwa na mdudu hutoa sauti ya boga. Tundu la mdudu wa baharini kwa nje ni dogo kama kichwa cha pini, lakini ndani amechimba njia ya unene wa kidole, kwa hiyo sauti ndiyo inayosema kweli. Kwa mashua ya mbao isiyo na rangi, choma ubavu kwa moto wa makuti unaopita haraka, upana wa mkono kwa mara moja, mpaka unyevu uanze kutoka povu. Lengo ni kuua mdudu na kukausha, si kuchoma mbao. Mashua yenye rangi au faiba isiguswe na moto kabisa.

Kalafati: toa pamba ya zamani iliyooza tu, ile inayoshika iache. Sokota pamba mpya unene wa penseli, iloweke kwenye mafuta ya sifa (ya samaki) au ya nazi, kisha iingize kwa patasi ya kalafati. Isukume hadi ibaki milimita 3 chini ya uso wa mbao, na juu yake jaza chokaa iliyopondwa na mafuta. Kosa la wanaojifunza ni kupiga kwa nguvu. Mbao kavu ikirudi majini huvimba, na kama mwanya umeshindiliwa kupita kiasi, hiyo pamba huisukuma mbao mpaka misumari ikalegea. Chombo kinachovuja kidogo siku mbili za kwanza kisha kikanyamaza kimetiwa kalafati vizuri.

Paka deheni ikiwa vuguvugu, au rangi ya chini. Eneo linalokaa majini kwa mashua hii ni karibu mita za mraba 16, na lita moja ya rangi hufunika mita za mraba 8 hadi 10. Kupaka mara mbili kunataka kama lita 4. Sehemu ambayo magadi yameegemea utaipaka kesho yake, baada ya kuyahamisha.

Kwa mashua ya faiba, tundu likwanguliwe sentimita 8 hadi 10 kuzunguka pande zote, lioshwe kwa maji baridi (yasiyo na chumvi) na kukaushwa kikamilifu. Kigandishi ni asilimia 1 hadi 2 ya uzito wa resini, yaani kama mililita 10 hadi 20 kwa kilo moja. Kwa joto la Dar anza na 10; ukitia 20 saa sita mchana, kopo litachemka mkononi kabla hujafika kwenye tundu. Na usipige faiba siku yenye manyunyu. Unyevu ukiingia, kiraka hubaki na weupe kama maziwa na hubanduka kabla ya Idi ijayo.

Ukishamaliza asubuhi, kuanzia saa sita maji yanarudi na mashuani hakuna kazi. Mchana huo pumzika. Saa kumi jua likipoa ndipo uingie kwenye matuta.

Matuta

Udongo wa pwani ni mchanga unaopitisha maji haraka, lakini mvua ya Aprili, ambao kwa kawaida ndio mwezi wa mvua nyingi zaidi Dar, huweza kutuama hata mchangani kama maji ya chini yako karibu. Inua tuta sentimita 20 hadi 30 na uache njia ya sentimita 50. Tia debe moja la samadi iliyooza kwa kila mita 2 za mraba, maana yake madebe 4 kwa tuta na 16 kwa bustani nzima, ulichanganye na udongo wa juu sentimita 15.

Upande unaotazama bahari jenga uzio wa makuti wa mita 1.5, ukiacha matundu. Uzio usiopitisha upepo kabisa huufanya uruke na kuangukia mimea kwa nguvu. Wenye matundu hulinda umbali wa kama mara kumi ya kimo chake, hapa mita 15. Kusi ikishika, rasharasha ya chumvi ndiyo inayochoma ncha za majani, wala si ugonjwa, na watu wengi hupoteza fedha kununua dawa ya ukungu kwa sababu ya chumvi. Alama ni hii: chumvi huchoma pande za majani zinazotazama bahari, ukungu hauchagui upande. Mimina maji baridi juu ya majani asubuhi inayofuata siku ya upepo.

Onja maji ya kisima kabla hujamwagilia. Ukiisikia chumvi ulimini, maharage, karoti na vitunguu sahau. Spinachi huvumilia, na mchicha unajitahidi.

Majani ya bahari yanayotupwa ufukweni ni matandazo mazuri na hayana mbegu za magugu. Yalundike wazi mpaka yapigwe na mvua kubwa tatu au nne, ndipo uyatandaze unene wa sentimita 5. Matumbo na vichwa vya samaki vifukie angalau sentimita 40, katikati ya mstari na mstari. Pungufu ya hapo paka watafukua tuta zima usiku mmoja.

Panda kinachojua kungoja

Hapa ndipo mpango husimama au huanguka. Usiulize kwanza ni mmea gani una soko. Uliza ukichelewa kuuvuna siku kumi, utakuta nini.

Mchicha unaafikiana na mwezi kana kwamba walikubaliana. Usie mwezi 12, utachomoza mwezi 16 au 17, upalilie na kupunguza mwezi 18 kabla ya kutoka, na ukirudi mwezi 10 au 11 una siku 28: ng'oa wote. Ukikawia wiki moja zaidi unatoa mashuke na shina linakuwa kuni. Mbegu kijiko kimoja cha chai, ukiichanganya na vijiko kumi vya mchanga mkavu, hutosha mita 2 hadi 3 za mraba. Funika nusu sentimita, na juu yake weka makuti siku tatu za kwanza, la sivyo mvua moja ya usiku itakusanya mbegu zote kwenye kona.

Matembele hayana kinyongo. Kata marando ya sentimita 30, fukia pingili tatu, nafasi sentimita 30. Mavuno ya kwanza ni wiki ya 5 au 6, halafu kila wiki 2 hadi 3. Ukikawia yanatambaa tu. Kisamvu na mlonge hungoja hata mwaka. Pilipili ikiiva hukaa mtini siku nyingi. Bilinganya hungoja kama wiki, baada ya hapo huwa chungu na kujaa mbegu. Bilinganya hizo na nyanya chungu zipandikize jioni, nafasi sentimita 60 kwa 60.

Bamia ni mtihani. Zinakua vizuri pwani na huanza kuzaa baada ya siku 50 hadi 60, lakini baada ya hapo zinataka kuvunwa kila siku ya pili. Tunda la siku nne ni kamba. Panda bamia ikiwa tu kuna mtu nyumbani anayekubali kazi hiyo kwa mdomo wake, si uliyempangia wewe.

Nyanya za masika, achana nazo. Mnyauko, bakajani na kantangaze vinataka macho kila asubuhi, na macho yako yatakuwa nyuma ya Kisiwa cha Mbudya. Nyanya ingoje kiangazi cha Juni hadi Septemba, kwa maji ya kumwagilia.

Aprili na Mei: maji ya mvua, adui na mali

Mashua iliyo wazi ina uso wa kama mita za mraba 12. Mvua ya milimita 50 ikinyesha usiku mmoja, inaingiza lita 600, sawa na kilo 600. Mvua za namna hiyo zikifuatana bila maji kuchotwa, mashua inaweza kuzama ikiwa nangani, baharini kukiwa shwari kabisa. Tena maji baridi yakituama kwenye ngama (sehemu ya chini ndani ya mashua) huozesha mbao haraka kuliko maji ya chumvi.

Weka foromali (mti wa kufungia tanga) au mti mwingine mrefu katikati kama paa, tandaza turubai juu yake na ulifunge kila mita 1 chini ya ukingo wa mashua. Mwinamo uwe mkali. Turubai lililolegea hutengeneza bwawa na kuchanika. Kama mashua iko nchi kavu karibu na nyumbani, elekeza ncha ya turubai kwenye pipa. Matuta yote manne yanataka lita 160 kwa siku isiyo na mvua, yaani lita 5 kwa mita ya mraba, hivyo mvua moja ya milimita 50 ni maji ya karibu siku 4. Acha dakika kumi za kwanza zimwagike, ni za chumvi na mavi ya ndege.

Mashine baada ya kila safari isuuze kwa maji baridi dakika 10 hadi 15, ikinguruma taratibu. Kabla ya kuilaza kagua oili ya gia: ikiwa kama maziwa, sili ya rafadha imeingiza maji, na ukiiacha hivyo mwezi mzima gia zitashika kutu. Kwa mashine ya tu-taimu inayotaka 50 kwa 1, changanya mililita 400 za oili kwa lita 20 za petroli, na uhifadhi dumu likiwa limejaa. Dumu nusu tupu msimu wa mvua hujikusanyia maji ndani, na maji hayo utayakuta kwenye karabureta ukiwa mbali.

Kabla ya kwenda dago, sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Ukisikia upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, hiyo ni siku ya kupalilia. Usitegemee kwamba vimbunga havitufikii: Hidaya kilitua maeneo ya Mafia Mei 2024, masika ikiwa inaendelea. Jaketi okozi ni moja kwa kila kichwa, mtoto wa kuchota maji akiwemo.

Unachomwachia wa nyumbani

Mwachie kazi chache, la sivyo hatafanya hata moja. Kumwagilia: siku ambazo mvua haikunyesha tu, asubuhi, ndoo 2 za lita 20 kwa tuta. Kama hayuko mtu, fukia mitungi ya udongo isiyopakwa rangi, ya lita 5 hadi 10, mdomo ukiwa juu na kifuniko juu yake. Kila mmoja hulowesha kama sentimita 30 hadi 40 kuuzunguka, na hujazwa mara mbili kwa wiki. Mtungi unaobaki umejaa bila kupungua umezibwa na chumvi ya kisima: utoe, usugue nje na uloweke usiku kucha kwenye maji ya mvua.

Kufukuza kuku. Wavu chakavu uliozungushwa ukisimama sentimita 80 unatosha, mradi ukingo wa chini ufukiwe, kwa sababu kuku wa Uswahilini hapiti juu akiweza kupita chini.

Na kukagua mashua iliyobaki nangani kila baada ya mvua kubwa, maji yakipwa, ndoo mkononi. Mwonyeshe kabla hujaondoka alama iliyochorwa kwa rangi ndani ya ngama: maji yakifika hapo achote siku hiyohiyo, asingoje simu yako.